Maili Kumi na Moja za Kinamasi

Jumapili, 3 Novemba

Jana tumeshinda. Ubingwa wa kanda wa futiboli ya Kimarekani ni wetu! Kengele ya kanisa imepigwa mara mbili leo – mara moja kwa ajili ya ibada, mara ya pili kwa ajili ya Toivo Ranta, aliyekimbia na mpira uwanja mzima akiwa na kiatu kimoja.

Baba amerudi nyumbani kama mtu aliyetoka msibani. Na yeye ndiye kocha! Alikaa jikoni na koti lake mwilini, akala supu iliyokwisha kupoa, akasema, "Sasa tumekwisha."

Niandike sababu, ili siku nikisoma tena nisidhani wote tulikuwa wendawazimu. Bingwa wa kanda anaingia kwenye mtoano wa vyuo vidogo. Anayepanga nani akutane na nani ni Kamati ya Ratiba ya shirikisho, na Kamati ina ugonjwa mmoja tu: nauli. Vyuo viwili vikiwa ndani ya maili mia tano, timu mgeni inapanda basi. Vikizidi mia tano hata kwa maili moja, shirikisho linalipa ndege. Kwa hiyo hawaangalii nani ana nguvu na nani dhaifu. Wanaangalia basi. Na Wexcombe, chuo cha kule chini Illinois, kwenye mtoano hawana jirani wa kufikiwa kwa basi ila sisi. Tukiwa mabingwa tu, basi tunapelekwa Wexcombe. Mwaka juzi 63–0. Mwaka jana 70–3, na zile tatu Baba alizishangilia mpaka sauti ikakauka. Vijana wa Wexcombe wana shingo pana kuliko vichwa.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo lenyewe. Dakta Prewitt, mkuu wa chuo, alimvuta Baba pembeni watu wakiwa bado wanashangilia. Baba alimsimulia Bibi Helmi, mimi nikiwa nyuma ya kitabu. Chuo kimechoka kuaibika. Tukitolewa raundi ya kwanza tena, Desemba watatafuta kocha mwingine. Na nyumba hii ni ya chuo.

Bibi Helmi alisema, "Si mngeshindwa jana, yakaisha?"

Baba akasema, "Mama, hata mimi niliwaza hivyo."

Jumanne, 5 Novemba

Shuleni sikuongea na mtu, ila mwalimu wa jiografia, na yeye ndiye aliyeanza.

Maktabani nimesoma kanuni za Kamati zote, mpaka viambatisho. Nadhani mimi ni wa kwanza duniani. Umbali hupimwa lango la chuo hadi lango la chuo, kwa "njia fupi iliyo wazi kwa magari". Iliyo wazi! Nikachukua ramani. Kutoka kwetu Karvela hadi Wexcombe ni maili 496, na zinapita kwenye daraja letu la kuinuka. Bila daraja lazima uzunguke kinamasi. Maili kumi na moja zaidi. Nikapima mara tatu. Nikaiuliza mashine ya Kamati yenyewe ya kupimia umbali mtandaoni, ambayo kila mtu anaweza kuifungua ila hakuna anayeifungua. Inakubaliana nami.

Sikutaka kusema. Lakini mezani Baba aliniomba nimpitishie viazi. Nilikusudia kusema "hivi hapa". Nikasema, "Daraja likifungwa ni mia tano na saba."

Uma wa Baba ulibaki hewani. Bibi Helmi aliacha kutafuna.

"Na ikiwa mia tano na saba?" Baba akauliza polepole.

Nikamweleza. Hapo hakuna basi. Ndege lazima ilipiwe kwa hali yoyote, basi Kamati itawarusha Wexcombe kwingine, na sisi itatupa Lundgren, walio karibu upande wa magharibi. Lundgren hata mimi ninaweza kuwakaba.

Baba akasema tusiongee habari hiyo tena. Ni udanganyifu, akasema. Akaongeza viazi.

Jumatano, 6 Novemba

Bibi Helmi leo alikwenda sauna, kwenye chumba cha kuogea mvuke, na wenzake. Sauna ya wanawake ni gazeti la Karvela, tofauti yake ni kwamba wasomaji hawana nguo.

Kabla ya chakula cha jioni Meya Trevarrow alikuwa jikoni kwetu. Hodi hakupiga. Alikuja na pasti nne za moto, mikate ya kufungia nyama, kwenye taulo, nyama ikinukia mpaka ngazini, akaketi kiti changu.

"Yuko wapi huyo mtoto wa ramani?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake.

"Lempi, mwanangu. Hizo mia nne tisini na sita. Haziwezi kuwa mia tano na kidogo tu, bila kuhangaika na daraja? Barabara ina kona nyingi. Kona ni kona."

Nikasema maili ni maili.

"Mtoto huyu hana huruma," akamwambia Baba. "Umemlea kwa kitu gani, Kocha, maziwa au siki?"

Baba akarudia kwamba ni udanganyifu. Meya akamkatia pasti kwa mkono wake. "Udanganyifu ni kusema daraja limefungwa wakati liko wazi. Sisi tutalifunga kwelikweli. Kuna ukweli gani zaidi ya huo?"

Nilitafuta kosa kwenye hoja hiyo mpaka nikalala. Sijaliona.

Jumamosi, 9 Novemba

Mkutano, ukumbi wa zimamoto. Mji mzima. Nilikaa nyuma ya gari la maji ili nisionekane.

Daraja letu haliinuliwi ovyo. Sheria ya mto inataka chombo chenye mlingoti mrefu kipite chini yake. Meli za madini zilikuwa nayo milingoti, lakini ziliacha kuja kabla sijazaliwa. Chombo pekee kilichobaki majini ni mashua ya bati ya Butch Lahti, dereva wa basi la timu. Urefu wake kwenda juu unaishia kwenye kofia ya Butch.

"Basi simama, Butch!" mtu akapiga kelele.

"Nimesimama," Butch akajibu. Kweli alikuwa amesimama.

Meya akauliza Karvela kuna kitu gani kirefu. Kisha Baba – Baba mwenyewe, wa udanganyifu! – akasema taratibu, "Nguzo za goli."

Makofi. Zimamoto wakapiga king'ora.

Hapo mzee mmoja akanyoosha kidole: mashua itapita kwa dakika mbili, daraja litashuka, tutakuwa tumefanya nini? Nami nikajiona niko mbele ya gari la maji. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, kwamba nimeisoma sheria. Inasema chombo kipite. Haisemi kipite kwa haraka gani.

Watu wakageuka wote. Nilitamani kinamasi kinimeze.

"Huyu," Meya akasema, "tutampa barabara yenye jina lake."

Swali la mwisho lilikuwa zito kuliko yote. "Na kulungu?" Ijumaa ijayo msimu wa kulungu unafunguliwa, na kambi zote za uwindaji ziko ng'ambo. Meya anaweza kushindana na Kamati, hawezi kushindana na kulungu. Ikaamuliwa: wawindaji wote wavuke kabla ya Alhamisi jioni. Na wachezaji, bila shaka. Hakuna kocha wa Karvela aliyewahi kumnyima kijana siku ya ufunguzi. Asingezikwa na mtu.

Alhamisi, 14 Novemba

Wamevuka, wakiwa na fulana zao za rangi ya chungwa, kama harusi ya karoti. Toivo alinipungia mkono. Au alimpungia mtu nyuma yangu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Kisha Butch akasukuma mashua, goli letu la upande wa kaskazini limefungwa katikati kwa kamba za kuanikia nguo, bendera ya chuo juu. Alikuwa na chupa ya kahawa na biblia ya mkewe. Daraja likapanda likilia kama ng'ombe anayezaa.

Nikafungua mashine ya Kamati kwenye simu ya Baba. Karvela – Wexcombe: 507.

Meya Trevarrow akaibusu simu.

Ijumaa, 15 Novemba

Hakuna shule, kulungu. Mjini wamebaki wanawake, wazee, na Baba. Baridi kali. Butch bado anapita. Tangu jana amekwenda kama urefu wa kitanda.

Jumapili, 17 Novemba

Daraja limeganda juu! Mafuta ya mitambo yamekuwa mawe. Na mto umeganda kuzunguka mashua. Butch tumemtoa kwa ngazi ya zimamoto, goli limebaki limesimama katikati ya barafu, liko sawasawa kabisa, kama vile mto unatarajia mechi.

Kanisa liko ng'ambo. Sisi wa huku tulisimama ukingoni, mchungaji akahubiri kutoka ng'ambo kwa kipaza sauti cha Baba cha mazoezini. Alisoma habari za wana wa Israeli kuvuka bahari. Bibi Helmi alisema hicho ni kijembe. Mchungaji alipoimba, kipaza sauti kilipiga filimbi, na vijana wote wa timu walioko upande ule wakapiga magoti kwa mazoea ya filimbi ya Baba.

Jioni tukakaa ukumbi wa zimamoto kutazama ratiba ikitangazwa. Mtangazaji alikuwa Bwana Fenstermaker wa Kamati, mtu mwembamba mwenye furaha. Lundgren walikuja mapema: wamepewa wengine. Baba alikuwa ameshika mkono wa Bibi, au Bibi wake, sikuweza kujua.

"Na sasa," akasema Bwana Fenstermaker, "jambo la kihistoria!" Karvela na Wexcombe mwaka huu wako mbali mno kwa basi moja. Kamati ilihuzunika. Kamati ikafikiri. Kisha Kamati ikagundua kwamba mabasi mawili ni rahisi kuliko ndege moja. Kwa hiyo Karvela na Wexcombe watakutana katikati! Kila mmoja atasafiri maili mia mbili hamsini na tatu na nusu, na hakuna atakayeonewa.

Nyuma ya ukumbi mtu alicheka mara moja, akaacha.

Meya akaniangalia. "Mwanangu, hiyo kanuni hukuiona?"

Nikasema haikuwemo.

"Ipo sasa," Baba akasema. Akavaa kofia yake akatoka nje.

Jumatano, 20 Novemba

Bwana Fenstermaker alipiga simu akimtaka Baba. Niliipokea mimi. Nilisema "haloo" mara nne kabla sauti haijatoka.

Katikati kabisa, kumbe, ni jikoni kwa Bi Schoenherr, mfugaji wa ng'ombe huko Wisconsin. Wamemwandikia. Amekataa jikoni, amekubali malisho. Kamati haina mtu wa kwenda kuchora uwanja – nauli. Je, Karvela pana mtu anayejua kupima?

Nikasema labda.

"Safi! Na goli mnalo?"

Nikasema tunalo moja. La pili liko mtoni.

"Moja linatosha," akasema. "Watabadilishana upande." Nilisikia kalamu ikiandika kwa furaha.

Ijumaa, 22 Novemba

Malisho kwa Bi Schoenherr. Mimi na Butch tulitangulia alfajiri. Nimepima kutoka pembe ya banda la ng'ombe, kila mstari, mara mbili. Rangi nyeupe tungeitafuta bure kwenye theluji, basi tulipuliza ya chungwa iliyobaki kwa wawindaji. Kwenye kila kona kibendera. Bi Schoenherr alisimama ameshika kiuno. "Nyie watu wa juu hamna televisheni?" Halafu akatupa jibini na mkate, jibini nyingi kuliko mkate.

Butch aliniuliza njiani kama naogopa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilikaa kwenye mashua na goli siku tatu. Uoga una mwisho, ukifika pale unasikia njaa tu."

Jumamosi, 23 Novemba

Ndani ya basi. Mikono inauma. Lazima niandike haraka, wakati wanafukua theluji.

Theluji imeanguka tangu asubuhi. Mistari yangu yote iko chini yake. Wexcombe walifika wamechelewa, na walishuka kwenye basi wakiwa wa kijani kwa kichefuchefu, nyuso, si nguo. Kumbe hawajawahi kusafiri raundi ya kwanza! Kila mwaka sisi ndio tuliokwenda kwao. Maili mia mbili hamsini za kona zimewamaliza. Nahodha wao, Brantley, mkubwa kama mlango wa ghala, alitapikia kofia yake ngumu, ikabidi aazimwe ya kwetu. Haimwingii. Imekaa juu kama kikombe.

Kocha wao alimwuliza Baba, "Ninyi hili mlikuwa mnalifanya kila mwaka? Mara mbili ya hapa?"

Baba akasema, "Kila mwaka."

Yule bwana akafuta theluji usoni. Kisha akasema, "Na halafu tunawapiga sabini." Akaenda zake.

Sisi theluji tumezaliwa nayo. Hawakutufunga! Isipokuwa pointi tatu za kupiga mpira kati ya nguzo, walipokuwa upande wenye goli. Sisi tulipopata upande huo mpira ulikuwa umeganda, ukipigwa unatoa mlio wa sufuria. 3–0, mpaka saa ikawa inakwisha. Dakta Prewitt alikuwa pale kwenye uzio, mikono mfukoni. Nilimsikia akimwambia Meya, "Raundi ya kwanza ni raundi ya kwanza, popote ichezwe."

Mara ya mwisho kabisa Toivo alichukua mpira akakimbia. Akaingia ndani ya theluji, Brantley mgongoni, akaanguka na mpira chini ya kifua karibu na mwisho. Saa ikaisha pale pale. Mpira ukiwa umevuka mstari wa mwisho, ni pointi sita, tumeshinda. Haujavuka, tumekwisha – na nyumba, na Desemba, na vyote.

Lakini mstari hauonekani. Mwamuzi akafukua kwa kiatu: nyasi. Tulifika kwenye kona kutafuta kibendera. Ng'ombe alikuwa pale. Kipande cha mwisho cha rangi ya chungwa kilikuwa kinaingia mdomoni.

"Nani alipima uwanja huu?" Bwana Fenstermaker akauliza. Amekuja na chupa yake ya kahawa, anasema hii ndiyo mechi rahisi kuliko zote katika historia, na mwakani zote zitachezwa katikati.

Watu wote wa Karvela wakanionyesha kidole. Wote!

"Huyu si mtoto wa kocha wao?" kocha wa Wexcombe akasema.

"Una mwingine?" mwamuzi akamjibu.

Brantley, akiwa bado amelala juu ya Toivo, akainua kichwa. "Dada, pima tu. Tafadhali. Tuna safari ya kurudi."

Kwa maana mwamuzi amekataza walio juu ya mpira wasisogee mpaka mstari upatikane. Toivo yuko pale, juu ya mpira. Brantley yuko juu yake. Theluji iko juu ya Brantley. Bibi Helmi amewafunika blanketi, anawalisha pasti kwa zamu, anamwambia Brantley atafune vizuri, ametapika huyu.

Basi nimetumwa kuchukua futikamba. Ilikuwa chini ya kiti cha Baba. Ninayo hapa.

Meya Trevarrow alinifuata hadi ngazini. Hakupanda. Alisema, akitazama pembeni, "Lempi, mwanangu. Theluji nyingi hivi, hata futikamba yaweza kujikunja kidogo. Hakuna atakayemlaumu mtu."

Nikaibana futikamba kwapani.

Baada yake alikuja Baba. Ana barafu kwenye nyusi. Nilidhani naye atasema kitu kama hicho, na sijui ningefanya nini. Aliuliza kama mikono yangu bado ina hisia. Kisha akasema, "Ukipima, usinitazame mimi. Tazama futikamba." Akanivua glovu zangu zilizolowa, akanivisha zake.

Kutoka dirishani naiona pembe ya banda. Namwona Toivo, yaani ule mlima wa blanketi. Nilipima jana mara mbili, na macho yangu yanajua mstari uko wapi hata bila kufukua. Najua tayari. Karibu najua.

Wexcombe na Karvela wamesimama pamoja sasa, wamechanganyika, kwa ajili ya joto. Wote wanatazama basi. Toivo anapiga kelele kwamba masikio yake hayapo tena.

Glovu za Baba ni kubwa mno. Nitazivua nikifika, ili namba za futikamba zisomeke.